Mtetezi wa Haki za Watu Wenye Ulemavu: Kazi, Malipo na Mipaka Yake



Muhula uliopita, tulipokuwa tunatafuta viatu vyetu baada ya swala ya Ijumaa, ndugu mmoja wa mwaka wa tatu alinivuta pembeni. Anasoma ustawi wa jamii, na mdogo wake ni kiziwi. Alikuwa amesoma kwamba Marekani kuna watu wasio mawakili ambao riziki yao ni kuwawakilisha watu wenye ulemavu wanaodai malipo ya serikali. Akaniuliza: "Kaka, nikimaliza masomo, naweza kuifanya kazi hiyo hapa Kampala?" Nilikuwa nawahi taksi. Nikamwambia hapana, Uganda hakuna malipo hayo, atafute kitu kingine.

Jibu lile limenisumbua tangu siku ile. Lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu niliyoiacha ndiyo yenye watu ndani yake. Somo hili ni la kumlipa deni lake, na ni la yeyote kati yenu anayeifikiria njia hiyo, awe anasoma sheria, ustawi wa jamii, uuguzi au hata uhasibu.

Posho ya kila mwezi haipo

Tuanze na ile nusu niliyoisema. Nchini Uganda mtu hapewi fedha za kila mwezi na serikali kwa sababu tu ana ulemavu. Wazee wanapewa: ule mpango tunaouita SAGE hutoa shilingi 25,000 kwa mwezi, na tangu ulipoenezwa nchi nzima umri wa kuingia ni miaka 80. Kwa hiyo bibi kipofu wa miaka 80 anaipata kwa uzee wake, na mjukuu wake kipofu wa miaka 25 haipati. Majirani zetu wa Kenya wako hatua moja mbele. Tangu 2011 wana mpango wa fedha kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Marekani, alikochukua wazo ndugu yetu, mambo yamejengwa kwa namna nyingine. Mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa ulemavu huomba malipo ya kila mwezi ya Social Security. Ombi huchukua miezi mingi, wengi hukataliwa mara ya kwanza, na anayeshinda baadaye hulipwa pamoja na malimbikizo ya miezi iliyopita. Sheria yao inamruhusu asiye wakili amwakilishe mwombaji. Ujira wake unaidhinishwa na ofisi hiyohiyo, na katika mapatano ya kawaida hauzidi robo ya malimbikizo wala dola 9,200, kiwango kilichoanza Novemba 2024. Anayetaka kulipwa moja kwa moja na ofisi lazima afaulu mtihani, awe na bima, na mwenendo wake uchunguzwe. Yaani kazi yote ile imesimama juu ya malimbikizo. Sisi hatuna malimbikizo. Ukiuchukua mfumo wao kama ulivyo ukaufungulia ofisi Wandegeya, utajikuta unakata robo ya fedha ambazo mtu amepewa akanunue cherehani.

Haki zipo, zimetawanyika

Sasa ile nusu niliyoiacha. Sensa ya 2014 ilionyesha kwamba asilimia 12.4 ya watu wa nchi hii wana ulemavu wa aina fulani. Katiba ya 1995, katika ibara ya 35, inawapa haki ya kuheshimiwa utu wao. Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki zao mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 ikaifuta ile ya 2006. Chini ya maneno hayo makubwa kuna vitu vidogo, kila kimoja kwenye meza yake, na kila meza haijui habari za meza nyingine.

Kuna ruzuku maalumu ya serikali kwa watu wenye ulemavu. Hii hutolewa kwa vikundi na si kwa mtu mmojammoja, kwa ajili ya mradi wa kuwaingizia kipato, na njia yake hupita kwa afisa maendeleo ya jamii. Hairudishwi.

Kuna Mpango wa Maendeleo ya Parishi, PDM, uliozinduliwa Februari 2022. Kila parishi, au muluka kama tunavyosema hapa, imepangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na asilimia 10 ni ya watu wenye ulemavu. Fanya hesabu: ni milioni 10, na kwa kuwa kiwango ni hadi milioni moja kwa kaya, hapo kuna nafasi ya watu kumi katika kila muluka. Kawaulize jirani zako wenye ulemavu kama wanamjua hata mmoja wa hao kumi. Lakini fedha za PDM ni mkopo, na una nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka. Mteja wako Mwislamu ana haki ya kuyajua haya kabla hajaweka kidole gumba, ili aamue mwenyewe, akiwa na sheikh wake akipenda. Nimeona watu wakiambiwa tu "fedha za serikali zimekuja", bila kuelezwa zipi ni ruzuku na zipi ni deni lenye nyongeza. Kuitenganisha miwili hii mbele ya mteja ni kazi ya utetezi, hata kama hukujaza fomu yoyote.

Kuna nafasi 64 za ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma kila mwaka kwa wanafunzi wenye ulemavu. Baadhi yenu mnaosoma hapa mmekuja kwa njia hiyo, na mnajua ni wangapi kule sekondari mlikotoka hawakuwahi kuisikia.

Kuna NSSF. Mwanachama aliyepata ugonjwa au ulemavu unaomfanya asiweze tena kufanya kazi ya kipato anaweza kudai mafao yake kwa sababu hiyo, hata kama umri wa kustaafu haujafika. Na marekebisho ya 2022 yaliongeza jambo lisilojulikana sana: mwanachama mwenye ulemavu aliyefika miaka 40 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua nusu ya akiba yake. Wengine husubiri mpaka 45 na hupata asilimia 20.

Nimeibakiza moja, kwa sababu nataka tuikalie.

Mfano wa Katwe

Chukua kijana anayechomelea vyuma Katwe. Ameajiriwa, analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, na mashine imemkata vidole vya mkono wa kulia. Bosi amemlipia matibabu ya siku ya kwanza, amempa 300,000 za "pole", na amemwambia: kosa ni lako, hukuvaa glavu, na kazi hapa kwa mkono huo huiwezi. Kijana amerudi chumbani kwake Nsambya. Mama yake amekuja kutoka kijijini kumuuguza, na nyumba nzima inaamini mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema fidia hulipwa hata kama ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Kwa hiyo habari ya glavu, hata kama ni kweli, haiizuii fidia. Kwa mtu aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi moja kwa moja, fidia ni mishahara ya miezi 60. Kwa aliyepoteza sehemu ya uwezo, ni sehemu ya kiasi hicho kwa asilimia anayopimwa, kwa kufuata jedwali la sheria. Tuseme amepimwa asilimia 40. Miezi 60 mara 400,000 ni 24,000,000. Asilimia 40 yake ni 9,600,000. Ukitoka 300,000 za pole mpaka milioni tisa na nusu, umefika mahali mtu anaweza kuanza maisha mengine. Gharama za matibabu nazo ni za mwajiri.

Sasa angalia ni nini kinachoweza kumpotezea kijana huyu haki yake. Kwanza ni muda: taarifa ya ajali inatakiwa imfikie mwajiri ndani ya mwezi mmoja. Mama anahesabu siku za kidonda, hakuna anayehesabu siku za sheria. Pili ni ushahidi wa mshahara: analipwa mkononi, hana karatasi, na bosi akiulizwa atasema alikuwa anamlipa 150,000. Hapo utatafuta ujumbe wa fedha kwenye simu, daftari la kazi, wenzake wawili walio tayari kusema. Tatu ni karatasi ya daktari: "amepata jeraha" haisaidii kitu, inatakiwa iseme amepoteza nini na kwa kiasi gani. Nne ni sahihi. Bosi atakuja na karatasi inayosema kijana amepokea 300,000 na hana dai lolote tena. Makubaliano ya fidia yanatakiwa yapite kwa afisa kazi, na kiasi kisiwe chini ya kile cha sheria, lakini kijana mwenye njaa hawezi kuyajua hayo, na karatasi iliyokwisha kusainiwa huleta vita isiyo ya lazima.

Mtetezi akiingia siku ya tano, yote manne yanawezekana kuokolewa, na akiingia siku ya sitini inakuwa taabu. Ndiyo maana nasema kazi hii, kwa sehemu kubwa, ni ya kuwahi. Tarehe ya ajali na ya taarifa, majina ya mashahidi, nakala ya karatasi ya hospitali, kisha safari ya kwenda kwa afisa kazi. Bosi akibishia asilimia, kuna bodi ya madaktari iliyowekwa na sheria kwa ajili ya ubishi huo. Hapo hujatumia ujuzi wowote wa wakili. Umetumia kalenda, kalamu na miguu.

Faili

Nitasema jambo moja la aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea nilipeleka maombi ya kikundi cha kinamama sita, watatu wao wanatumia baiskeli za magurudumu, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilimkabidhi kijana wa mapokezi bahasha, akanishukuru, nikaondoka nikiwa na furaha. Baada ya miezi miwili nilipofuatilia, hakuna aliyeiona bahasha ile. Sikuwa na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kinamama wale walikuwa wamechanga fedha ya bodaboda kwenda kupiga picha za pasipoti, wamepanda na kushuka ngazi za watu, na mwaka wa fedha ukawapita. Mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, usijali, tumezoea." Sijasikia neno zito kuliko hilo.

Tangu siku hiyo kila karatasi inayotoka mkononi mwangu ina nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa mhuri na tarehe, na jina la aliyepokea linaandikwa. Kila mteja ana faili lake, na ukurasa wa kwanza wa faili ni kitambulisho chake cha taifa. Hapo ndipo mambo mengi hukwama. Jina kwenye kitambulisho linatofautiana na la kadi ya NSSF, au mwaka wa kuzaliwa umekosewa, au alama za vidole hazikusomeka kwa mtu mwenye ukoma au aliyefanya kazi ya kokoto maisha yake yote. Kabla hujaandika ombi lolote, soma herufi za jina moja baada ya nyingine.

Jifunze pia mlolongo. Mwenyekiti wa LC1 anathibitisha makazi. Afisa maendeleo ya jamii ndiye mlango wa ruzuku na vikundi. Diwani anayewakilisha watu wenye ulemavu yupo katika kila ngazi ya baraza, na ni mtu wa kumjua kwa jina. Ofisi ikinyamaza, andika barua. Ibara ya 41 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 zinampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kuuliza kwa maandishi ni watu wangapi wenye ulemavu waliopata PDM katika muluka wako hakuhitaji mwanasheria. Ibara ya 42 inamtaka kila ofisa wa utawala amtendee haki anayefika mbele yake. Na kama kuna ubaguzi, Tume ya Fursa Sawa iliyoko Bugolobi hupokea malalamiko bila malipo na ina uwezo wa kuyaamua kama mahakama. Tume hiyo imewahi kuongozwa na Bi Safia Nalule Jjuuko, mwanamke mwenye ulemavu aliyekuwa mbunge wa watu wenye ulemavu kabla ya hapo. Dada zetu wanaodhani mlango huu si wao wamtazame yeye.

Jambo la mwisho kuhusu faili: ni amana. Ndani yake mna ugonjwa wa mtu, mshahara wake, pengine habari za ndoa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa yake kabla hujazikusanya na inataka uzihifadhi kwa usalama. Kupiga picha fomu ya mteja ukaiweka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya ukiomba watu wamchangie, bila yeye kukuruhusu, ni kosa. Tumelifanya, na tuliache.

Si wakili, wala si msemaji wake

Sheria ya Mawakili inakataza asiyesajiliwa kujifanya wakili. Kuandaa hati za kesi kwa malipo na kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu ni kazi ya wakili. Usiandike kwenye kadi yako neno litakalomfanya mama wa Bwaise aamini wewe ni wakili. Dai likifika mahakamani, mpeleke kwa wenye kazi: kliniki ya msaada wa kisheria ya Law Development Centre, au kliniki ya sheria ya maslahi ya umma ya Makerere, PILAC. Anayesoma sheria kati yenu anaweza kuitazama njia ndefu, digrii kisha stashahada ya LDC, na kazi hii ikawa mlango wa kuingilia.

Mpaka wa pili hauko kwenye sheria. Haki tulizozitaja hazikuletwa na wasamaria. NUDIPU, muungano wa taifa wa watu wenye ulemavu, ulianzishwa 1987 na watu wenye ulemavu wenyewe. Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bungeni 1996 na akasema kwa mikono mbele ya wabunge. Wewe unakuja baada yao. Mteja akifika na shemeji yake, zungumza na mteja. Kama ni kiziwi, tafuta mkalimani wa Lugha ya Alama ya Uganda. Usimtumie mtoto wake wa miaka tisa kumfasiria habari za ugonjwa wake. Bora zaidi, jifunze lugha hiyo. Kyambogo wana kitivo kizima cha mahitaji maalumu, na mwanafunzi wa huko anaweza kukufundisha salamu na namba kwa wiki chache. Na yale majina ya mtaani, kasiru na mengineyo, yasitoke kinywani mwako hata kwa mzaha.

Nani atakulipa?

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, na hapa ndipo somo hili linapotuhusu sisi kama Waislamu. Mimi si mufti. Nitaeleza nilivyofundishwa, na wewe ukamuulize sheikh wako.

Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 85, inamtaja anayeombea wema kwamba ana fungu lake katika wema huo. Na katika Sunan Abi Dawud kuna hadithi ya Abu Umama inayomwonya vikali aliyemwombea nduguye jambo, kisha akapewa zawadi kwa ajili hiyo akaipokea. Inalihesabu kuwa ni mlango mkubwa wa riba. Wanavyuoni wamezungumza juu ya sanadi yake, lakini maana yake iko wazi: cheo chako kwa ofisa fulani si bidhaa. Kwa upande mwingine, ujira wa kazi ni halali. Mtu aliyekodiwa kuandika, kusafiri, kukusanya nyaraka na kufuatilia anastahili malipo yanayojulikana tangu mwanzo. Kuna pia ju'ala, ahadi ya malipo kwa atakayefanikisha jambo, waliyoikubali Maliki, Shafi na Hanbali kwa dalili ya shehena ya ngamia katika Surat Yusuf, aya ya 72. Wahanafi kwa ujumla hawakuikubali.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Kama yule ofisa angehamishwa kesho akaja mgeni asiyekujua, je, kazi yako bado ina thamani ya bei uliyotaja? Kama ndiyo, unauza kazi. Kama hapana, unauza uso wako, na Kampala imejaa watu wanaouza nyuso zao. Wamekaa nje ya kila ofisi wakiwa na bahasha za kaki kwapani.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi. Kwa ruzuku, PDM, SAGE na nafasi za masomo usimtoze mteja hata shilingi. Hizo ni fedha za mtaji wa maskini. Nauli yako iandike kwenye daftari na utafute wa kuilipa: mfuko wa msikiti, waqfu, mtu mwenye uwezo. Kwa fidia ya kazini na mafao ya NSSF unaweza kupatana naye ujira maalumu kwa shilingi, si kwa asilimia, kwa maandishi, katika lugha anayoielewa, na usiwe mzito. Najua kuna wanaotoza asilimia na wana hoja zao. Hofu yangu ni kwamba asilimia inakufanya umshauri akatae milioni sita zilizoko mezani, au azikubali haraka, kwa maslahi yako na si yake.

Riziki yenyewe itatoka pengine. Mashirika yanahitaji watu wa kufuatilia madai ya wanachama wao na hulipa kwa mkataba. Shule na kampuni zinahitaji mafunzo: sheria ya 2020 inawataka nini, na ukweli kwamba mwajiri ambaye asilimia 5 au zaidi ya wafanyakazi wake wana ulemavu hupata nafuu ya kodi ya mapato. Ukalimani wa lugha ya alama una malipo yake. Usajili wa jina la biashara URSB na namba ya kodi ni kazi ya siku chache. Ila chunga: ukishalipwa na kiwanda kwa mafunzo, mfanyakazi wa kiwanda hicho akikatika mkono huwezi kuwa mtetezi wake bila kumwambia ukweli huo. Uhuru wako ndio mtaji wako. Miaka miwili ya kwanza usiache kazi nyingine inayokulisha.

Na "kitu kidogo"? Kitaombwa. Utaambiwa faili liko chini ya mafaili mengine na linahitaji kusogezwa. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inamshika mtoaji kama mpokeaji. Baadhi ya wanavyuoni wamejadili hali ya mtu asiyeweza kuipata haki yake ila kwa kutoa, na sitaingia humo. Lakini mtetezi si mtu mmoja mwenye shida moja. Ukitoa 20,000 kwa mteja wa leo, umempangia bei mteja wa kesho, na ofisa huyo hatakuhudumia tena bila hiyo. Omba jina lake, andika tarehe, rudi na barua kwa mkubwa wake. Utachelewa. Mwambie mteja tangu siku ya kwanza kwamba utachelewa, na kwa nini. Na mteja anayetaka umwandikie ulemavu asiokuwa nao, mkatalie. Aya ya 105 ya Suratun Nisaa inakataza kuwa mtetezi wa wahaini, na nafasi anayoiba ni ya mmoja wa wale kumi wa muluka.

Mtu wa kwanza

Usianze na ofisi. Anza na mtu mmoja na dai moja, ulifuate mpaka mwisho wake, hata likichukua mwaka. Atakufundisha ngazi zipi hazina njia ya baiskeli ya magurudumu, na ofisi ipi hufunga saa ya chakula cha mchana kwa saa mbili.

Nilimtafuta yule ndugu wa mwaka wa tatu nikamwomba radhi kwa jibu la siku ile. Nikamwambia aanze nyumbani, kwa mdogo wake: je, ana kitambulisho cha taifa, jina lake limo katika kikundi chochote cha muluka, diwani wa watu wenye ulemavu anamjua? Alirudi Jumapili na daftari jipya. Mdogo wake anacho kitambulisho, ila jina la baba limeandikwa kwa herufi moja zaidi, tofauti na cheti chake cha shule, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuliona. Wiki hii wanakwenda NIRA kulirekebisha, na nakala mbili za barua wameshaziandaa.